Majani Nyuma ya Vioo vya Umeme

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya gwaride, kazi yangu ilikuwa kusoma kipimo cha umeme katika chumba cha kompyuta na kuandika namba yake ubaoni. Shule yetu iko kwenye mteremko huko Gesima, katikati ya mashamba ya chai. Chumba hicho hakina paneli za sola juu ya paa. Umeme wake hutoka kwenye vioo vya madirisha ya nyuma, vyenye rangi ya chai isiyo na maziwa. Unaona nje kama kawaida, huku vioo vyenyewe vikigeuza mwanga wa jua kuwa umeme na kuupeleka kwenye betri.

Tulipofunga shule mwishoni mwa Oktoba, kipimo kilisoma tisini kwa mia. Tulipofungua Januari, na jua likiwaka ajabu, kilisoma arobaini. Wiki iliyofuata, thelathini. Kompyuta zikawa zinazimika katikati ya somo.

Nani alikuwa mpya shuleni? Mzee Manasseh, bawabu aliyeajiriwa Desemba. Mimi Nyanchoka sikuhitaji ushahidi mwingine. Nina tabia ya kushuku. Kalamu yangu ikipotea, nitalaumu darasa zima kabla sijatazama mfukoni.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nilimwambia rafiki yangu Istarlin. "Kila saa ya chakula anajifungia chumba cha kompyuta. Anachaji simu za kijiji kizima!"

"Umeona simu hata moja?" aliuliza Istarlin. Baba yake huuza vitambaa mjini Nyamira, na yeye hapokei neno bila kulipima.

"Mwizi atakuonyesha?"

Nililisema hilo mpaka likawa wimbo wa shule. Mwanzoni tulimwamkia Mzee Manasseh langoni kwa Kigusii, "Bwakire, tata!" Sasa tulipita kimya. Yeye alitutazama tu, nami nikaona kimya chake ni cha mtu mwenye hatia. Hatimaye nilimpelekea mwalimu mkuu, Madam Bathsheba, maneno hayo.

"Kamati ya shule inakutana Ijumaa," alisema. "Kama ni kweli, atapoteza kazi. Una hakika?"

"Nina hakika, Madam." Sikuwa nayo.

Alhamisi mchana nilimvuta Istarlin nyuma ya jengo ili tumnase bawabu. Pa kujificha palikuwepo, kwenye majani ya napia tuliyopanda Septemba sisi wa 4K, klabu ya kilimo, ili tumlishe ng'ombe wa shule. Mwenyekiti wa klabu ni mimi. Kwetu ardhi ni haba, na ukiacha wazi hata futi nne utachekwa. Kwa hiyo tulipanda mpaka ukutani, tukasimamisha kibao: USIGUSE. MALI YA 4K. Mvua za likizo ziliyastawisha hadi yakatupita vichwa, nami nilijivunia sana.

Mzee Manasseh aliingia. Tulimwona kupitia kioo akipanda juu ya kiti na kitambaa kibichi mkononi. Alifuta kioo kimoja baada ya kingine. Akashuka, akasoma kipimo, akatikisa kichwa, kisha akapanda tena na kufuta upya. Hapakuwa na simu wala waya.

"Nyanchoka," Istarlin alinong'ona, "mbona huku kuna baridi hivi?"

"Si tuko kwenye kivuli?"

"Na vioo je?"

Nilitazama juu. Majani yangu yalikuwa yamevifunika vioo vyote kutoka chini hadi juu. Niliona aibu. Halafu wazo baya likanijia: ningenyamaza, nikate majani kidogo kidogo, na umeme ukirudi watu waseme ni kwa sababu bawabu amefukuzwa.

"Kesho ni Ijumaa," alisema Istarlin, akinitazama usoni.

Nilienda ofisini, nikasema yote. Madam Bathsheba alimwita Mzee Manasseh.

"Hiyo majani niliiona, Madam," alisema taratibu. "Lakini kibao imesema nisiguse. Watoto hawanisalimii, na wewe pia umeanza kuniangalia na jicho ya kando. Ningeuliza nani?"

Madam aliinamisha kichwa, akamwomba radhi.

Jioni hiyo tulifyeka majani yote. Jumatatu kipimo kilisoma themanini. Kwenye gwaride nilimwomba Mzee Manasseh msamaha mbele ya shule nzima.

"Nimekusamehe, mtoto wangu," alijibu. "Lakini mke wangu anauza ndizi sokoni, na huko ameambiwa bwana yake ni mwizi wa stima. Huko nani atanisemea?"

Madam Bathsheba alinishika bega.

"Majani tumeyakata kwa saa moja," alituambia. "Jina la mtu halitengenezwi kwa saa moja. Kabla ya kumshuku mwenzako, chunguza kwanza kazi ya mikono yako. Na ukiharibu jina la mtu, kulirekebisha ni kazi yako mwenyewe, mpaka mahali pa mwisho uvumi ulipofika."

Siku ya soko nilienda na Madam. Nilisimama mbele ya mama wa kwanza mwenye ndizi, nikamwambia ni nani aliyekosa. Kisha nikaenda kwa wa pili.