Ndevu za Maharamia

"Hizi ndevu umezitoa wapi?"

Mama aliuliza akiwa na brashi mkononi. Kinyozi, mumewe, akainama chini ya meza kutafuta kifuniko cha gundi. Kifuniko kilikuwa juu ya meza, mbele ya pua yake.

Walikuwa wakimwandalia binti yao zawadi ya siku ya kuzaliwa: mchezo wa vita wa mezani. Ubao umepakwa rangi ya bahari, meli za maboksi zina mizinga, dadu tayari, na kundi zima la maharamia wa udongo, kila mmoja hazidi kidole gumba. Binti alikuwa na wazimu wa maharamia. Hata kula haji mpaka aitwe Nahodha. Mama alipaka nguo na mapanga, baba akabandika ndevu. Nazo, haki ya Mungu, zilipendeza: nyekundu, nzito, zimejikunja. Ila hazikauki.

"Ni gundi, mke wangu."

"Gundi gani inayonuka kidonda?"

Akainama tena chini ya meza. Hodari wa domo dukani, nyumbani bubu.

Harufu ilianza kama maji ya maua yaliyosahaulika, ikaishia kama panya aliyefia kabatini. Mama alisugua sakafu, akamlaumu hadi paka wa jirani. Alipofungua sanduku la maharamia, ndevu zilizokuwa zikiishia vifuani zilikuwa zimefika magotini, na ncha zake zinachuruzika ute mweupe kama usaha. Akashika unywele mmoja kwa kibano, akauvuta, ukavutika, ukazidi kuvutika kutoka kwenye kile kidevu cha udongo kana kwamba ndani yake mna kichwa kizima cha mtu, mpaka ukamzunguka kifundo cha mkono, wenye uvuguvugu, wenye mafuta, na kitu fulani upande wa pili kikauvuta kurudi.

Mchana huo binti akapaliwa mezani. Mama akamtia vidole kinywani, akagusa kitu chembamba kilicholala juu ya ulimi, akakivuta polepole huku mtoto akitoa machozi na kutapika, na unywele mwekundu ukatoka kooni, mrefu, umebeba makamasi na punje za wali, nao hauishi, hauishi, mpaka ukakatika.

Mama akamburuta mumewe jikoni.

"Sema," alinong'ona. "Sema kabla sijakunyoa mimi, tena kwa kisu."

"Za mteja," kinyozi akajibu. "Alikuja nikifunga duka. Nguo zimelowa, na mvua hakuna. Kwenye kioo... niliona kiti kitupu. Nikadhani mvuke."

"Ukamnyoa?"

"Mteja ni mteja."

"Ukazileta kwa mwanangu!"

"Zilikuwa na rangi ya maharamia kabisa..."

Na huyu ndiye aliyezoea kujigamba kila siku kwa sharti alilofundishwa na shangazi yake, kinyozi mkongwe aliyemrithisha wembe: nywele za mteja hazivuki kizingiti, zifagiliwe, zichomwe. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Huyu alikuwa tayari kifo kimuumbue mtoto.

Shangazi aliitwa, akafika jioni, mtandio puani. Hakusalimia. Alimnyoa kila haramia kwa wembe, akizitia ndevu kwenye kopo la moto huku akisoma dua chini kwa chini. Ndani ya kopo kitu kililia kama mtu mzima anayezama. Moshi ulikuwa na ladha. Mama aliihisi kwenye meno, akakimbilia nje kutapika.

Huko nje akamsikia shangazi: "Ndizo zote?"

"Zote, shangazi," kinyozi akajibu haraka mno.

Asubuhi ya siku yenyewe nyumba ilinukia sabuni. Mama akapanga mchezo mezani, akitabasamu kwa mara ya kwanza. Kisha akaona sitaha ya meli kubwa iko tupu.

"Nahodha wao yuko wapi?"

Mumewe akatazama viatu vyake. "Nilimpa mtoto mapema. Alilia sana. Huwa analala naye."

"Na jana ukamwambia shangazi zote!"

"Niliona aibu."

Aibu! Mama alishafika mlangoni mwa chumba cha mtoto, mumewe nyuma yake. Binti alikuwa ameketi kitandani, blanketi amelivuta hadi puani, shuka limelowa. Kiganjani mwake alilala nahodha wa udongo, kidevu kitupu, hakina hata unywele mmoja. Chini ya blanketi mkono wa pili ulikuwa ukikuna, ukikuna, taratibu.

"Baba," akasema, kwa sauti nzito ya mtu aliyetoka mbali, "naomba uninyoe."