Fomu ya Vicheko

Kila Jumamosi, baada ya kuosha vyombo na kupiga pasi sare yake ya shule, Karani alikwenda kupanga mabenchi katika ukumbi wa shangazi yake. Karani halikuwa jina lake. Ndivyo walivyomwita nyumbani na darasani kwa sababu ya mwandiko wake, uliokaa mstarini kama punje za mahindi kwenye gunzi. Ukumbi wenyewe ulikuwa ghala la zamani. Shangazi, ambaye siku nyingine alikuwa fundi cherehani, alikuwa ameshona pazia la jukwaa kwa mashuka manne yaliyokwisha rangi.

Siku hizo michezo ya kuigiza ilikuwa na amri zake. Kila ukurasa ulipelekwa Ofisi ya Burudani kugongwa muhuri, na neno lisilo na muhuri halikusemwa jukwaani. Onyesho lilipaswa kwisha saa kumi na moja jioni. Na kila Jumamosi afisa wa ofisi hiyo alikaa benchi la tatu, karatasi zenye mihuri mapajani, akifuata kwa kidole kila neno lililotamkwa. Watu walizoea kumtupia jicho kwanza, ndipo wacheke.

Mchekeshaji wa kikundi alikuwa Fundi Viatu, ambaye kibanda chake kilipakana na ukumbi. Viatu vya mtaa mzima vilipita mikononi mwake, isipokuwa vyake mwenyewe.

"Fundi, kiatu chako kimeachama. Kinaomba maji?" shangazi alimtania Jumamosi moja.

"Kiache, dada. Mganga hajigangi. Nikishona changu, cha mteja kitakosa zamu."

Mchana huo afisa alimwita Karani kando ya mlango.

"Shikamoo," alisema Karani.

"Marahaba, binti. Leo nina kumbi mbili za kukagua, nami ni mtu mmoja. Nasikia una mwandiko mzuri." Alimpa fomu. "Kila watu wakicheka, andika neno lililosemwa, na walicheka vipi. Ukweli mtupu, kama mnavyofundishwa shuleni. Huna haja ya kumsumbua shangazi yako."

Karani akavimba kichwa. Katika shule nzima, nani mwingine aliwahi kupewa fomu ya ofisi? Ilikuwa na safu mbili tu: "Maneno yaliyosemwa" na "Watazamaji walifanya nini".

Mchezo ulihusu usafi wa kijiji. Fundi Viatu aliigiza mjumbe. Aliingia mbio, akapiga saluti, akatamka maneno yake yenye muhuri: "Mkuu amefika!" Alipokanyaga chini kwa kishindo, soli ya kiatu ilibanduka, ikaruka, ikatua mapajani mwa bibi mmoja wa benchi la mbele.

Bibi akaiinua juu. "Mjumbe, umeangusha barua!"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Watu walicheka hadi wakafuta machozi. Karani naye alicheka, huku kalamu yake ikiandika vizuri mstarini: "Mkuu amefika. Walicheka wote, sana, kwa muda mrefu."

Jioni alimpelekea afisa fomu. Afisa aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni.

Jumatatu, akitoka shule, Karani alikuta kufuli kwenye mlango wa ukumbi na karatasi yenye muhuri juu yake. Kibandani kwa Fundi Viatu, viatu vya watu vilikuwa vimetapakaa mavumbini. Mke wa fundi alikuwa amepiga magoti akiviokota, akitafuta kila kimoja mwenzake.

"Wamemchukua asubuhi," alimwambia shangazi wa Karani, aliyekuwa amesimama kando, bila kuinua uso. "Wanasema amemfanya Mkuu kichekesho. Wanayo maandishi."

Usiku huo Karani hakula. Jumanne hakula tena. Darasani mwalimu alimsifu mwandiko wake, naye akalifunika daftari kwa kiganja. Mtu angejuaje? Fomu haikuwa na jina lake. Angeweza kunyamaza, na yangepita. Lakini kila alipofumba macho aliviona vile viatu.

Jumatano alikwenda kwa shangazi, akayamwaga yote.

Shangazi aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. Mashine ikanyamaza. 

"Fundi alivua kiatu kile palepale ukumbini, akarudi kwake peku," alisema. Alivuta sanduku la vitambaa, akatoa kiatu na soli yake. "Vaa sare. Twende."

Ofisi ya Burudani ilikuwa na meza tatu na mihuri mingi. Mkubwa wa ofisi aliketi katikati. Yule afisa alisimama pembeni yake, na dada mpiga chapa aliketi dirishani.

"Fomu hii uliandika wewe?" aliuliza mkubwa.

"Ndiyo, mzee."

"Na sasa unasema ni uongo?"

"Hapana, mzee. Ni kweli, ila si yote. Watu walicheka kiatu. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika kwa nini."

"Anayebadili maelezo ya serikali anaweza kufukuzwa shule," afisa alidakia. "Unalijua hilo?"

Karani akamtazama shangazi. Shangazi hakumwambia aseme wala asiseme.

"Sikulijua," alisema Karani. "Nipeni karatasi. Nitaandika yote, na safari hii nitaweka jina langu."

Mkubwa alichukua kiatu, akakigeuza. Soli ikaning'inia, ikafunguka na kufumba kama mdomo wa mtu aliyekatizwa maneno. Dirishani, mpiga chapa aliangua kicheko. Kisha akajiziba mdomo, akabadilika rangi.

Wote wakamgeukia.

"Umecheka nini?" mkubwa aliuliza taratibu.

"Kiatu, mkubwa," alijibu yule dada. "Kiatu tu."

Mkubwa alimtazama, akatazama kiatu, kisha akamsogezea Karani karatasi na kalamu. "Andika."

Fundi Viatu aliachiliwa Ijumaa. Alirudi akichechemea, jino moja la mbele halipo. Kufuli la ukumbi halikutolewa. Waliambiwa lingebaki mpaka itakapoamriwa vinginevyo.

Jioni Karani alimkuta kwa shangazi. Alipiga magoti mbele yake. "Fundi, aliyeandika ni mimi. Nisamehe."

Fundi alimshika bega. "Nimeambiwa pia nani aliyekwenda kuandika upya," alisema. "Inuka, mwanangu."

"Sikiliza, Karani," alisema shangazi. "Ulipeleka nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ikamfunga mtu. Uliporudi na nusu iliyobaki, ikamfungua. Hilo ulifanya vyema. Lakini kuna la pili. Tuseme watu wangecheka neno lenyewe. Fundi angestahili kufungwa?"

Karani alifikiri. "Hapana. Wangekuwa wamecheka tu."

"Basi. Kucheka si kosa, kwa kiatu au kwa neno. Ukiombwa kumwandika mtu, uliza kwanza nani atasoma na atafanya nini. Na ukiambiwa usituambie wakubwa wako, hapohapo rudisha kalamu."

Fundi aliomba kiatu chake. Kwa mara ya kwanza alikaa kushona kilicho chake mwenyewe, na Karani akamshikia soli. Kabla ya kupitisha uzi, fundi aliifungua na kuifumba mara mbili mbele ya uso wa Karani. "Mjumbe ana njaa," akanong'ona kupitia pengo lake.

Kicheko kilimpanda Karani kooni, akakimeza, akageuka kutazama barabarani.

Shangazi aliinuka, akafunga mlango na kushusha komeo.

"Haya," alisema. "Cheka, mwanangu."