Godauni Lililooshwa Chumvi

Ukuta wa apatimenti namba tatu ulianza kutoka jasho Jumanne saa nne asubuhi, na jua la siku hiyo lilikuwa la kukaanga dagaa juu ya bati bila mafuta. Unyevu fundi anaujua. Huu haukuwa unyevu. Lilikuwa jasho lenyewe, matone manene yenye utelezi, yanashuka taratibu kama kwa mtu aliyebanwa na swali polisi. Mihayo akaweka kiganja. Ukuta ulikuwa vuguvugu. Akanusa kiganja, akakitoa puani mbio, maana kilinuka kama soksi aliyozikwa nayo mtu.

Huyu Mihayo ni fundi plasta wa Mabatini, Mwanza, na kama hujawahi kumsikia basi ulikuwa umelala, maana yeye hajawahi kunyamaza. Kwa maneno yake mwenyewe, nzi akitua kwenye plasta yake anateleza, anavunjika mguu. Alidai kuna nyumba aliipiga plasta ikanyooka mpaka fundi mwenzake akarudi kwao kulima mihogo. Wasukuma wenzake walimwambia ungezaliwa Bukoba kwenye majigambo wewe, hapa umekosea njia.

Na kweli bosi wake alikuwa wa Bukoba. Kashaija, Mhaya mwenye vyeti vya kutosha kuezekea banda la kuku, alikuwa amenunua godauni la zamani la ngozi pale chini karibu na ziwa. Kuta za mawe, nene kama tembo wawili wamelaliana, madirisha madogo yenye nondo zilizooza. Miaka themanini ngozi za ng'ombe wa Usukuma wote zililala humo, zinapakwa chumvi, zinasubiri meli. Biashara ikafa, popo wakahamia. Sasa Kashaija alisema juu zitakuwa apatimenti nane, chini fremu za biashara na mgahawa, na nje lisiguswe hata jiwe moja, kwa sababu wanunuzi wa siku hizi wanapenda historia. Lakini historia ibaki hukohuko nje. Ndani alitaka kuta nyeupe kama yai.

Shida ilikuwa chumvi. Kuta zile zilikuwa zimekula chumvi mpaka zimeshiba, na plasta ukiipiga juu ya chumvi inavimba, inabanduka kama gaga la kidonda. Mafundi wengine wanakwangua juujuu, wanapaka rangi ya mafuta, wanatoroka kabla ya masika. Mihayo si wa hivyo. Alifunga pampu ziwani akaosha kuta wiki tatu, na maji yalishuka meupe na mazito kama uji wa mgonjwa. Kupima kama chumvi imeisha alitumia kipimo chake mwenyewe, ulimi. Anapita ukuta kwa ukuta, analamba, anatema, anasema bado. Siku ya ishirini na moja akalamba ukuta wa mwisho, akameza mate, akatangaza kwamba mtu angeweza kulia wali juu yake.

Ndiyo plasta ikapigwa, kuanzia chumba cha nyuma hadi apatimenti tatu za kwanza. Na sasa ilikuwa inatoka jasho.

Jumatano ukuta ukaota nywele.

Mihayo alidhani ni nyuzi za brashi. Akavuta moja. Haikutoka, na pale ilipoota plasta ikainuka kidogo kama ngozi ya mkono unapovuta unywele, halafu ikarudi. Rangi ya kahawia, fupi, laini, zimelalia upande mmoja kama za ndama aliyelambwa na mama yake. Akachukua wembe akanyoa. Zilipokatwa pakatoka maji ya njano yenye mabonge, yananuka maziwa yaliyochachia kwenye kiatu. Nzi wakaja, wengi mpaka chumba kikawa na giza mchana, wakubwa kiasi kwamba ungeweza kuwasikia wakitembea. Mmoja alipotua ukutani, ukuta ule wa mawe na saruji ukatikisika pale pale alipotua, mara moja, kama ubavu wa ng'ombe unaofukuza nzi.

Siku hiyo Mihayo alikusanya vifaa vyake kabla ya saa nane. Watu waliokuwa wanafanya naye kazi walijua hapo hapo kuna jambo.

Kashaija alipoelezwa alisema ni ukungu, alisoma habari hizo chuoni, akaleta dawa ya ukungu na manukato matatu. Jumamosi wanunuzi wanakuja kuona. Mihayo akanyoa, akapaka, akapuliza. Chumba kikanuka kama mzoga unaokwenda harusini.

Lakini yote hayo yangekuwa kazi tu, angevumilia, kama siyo Evelina.

Evelina ni mkewe. Walikuwa wamehamia chumba cha nyuma cha godauni tangu kazi ianze, yeye anawapikia mafundi. Mwanamke mpole, mcheshi, ndiye pekee Mwanza nzima aliyeweza kumwambia Mihayo nyamaza na akanyamaza. Kwa kuinamia masufuria kutwa nzima mgongo ulikuwa unamuuma, na ukuta wa chumba chao ulikuwa na joto zuri, kwa hiyo kila mchana baada ya kuosha vyombo aliegemeza mgongo ukutani, anafumba macho nusu saa. Alisema ni kama kukandwa.

Alhamisi mchana akamwita Mihayo chumbani, akafunga mlango.

"Niangalie mgongo," akasema kwa sauti ya chini. "Usipige kelele."

Akashusha kitenge. Kuanzia mabegani mpaka kiunoni, mgongo wa Evelina ulikuwa umevaa ngozi. Siyo yake. Nene, ya kahawia, yenye baka jeupe katikati, nywele zake zimelowa zimelala upande mmoja, na kwenye kingo zake, pale ilipokutana na ngozi ya mke wake aliyoijua miaka tisa, palikuwa na utepe wa rangi ya pinki unaotoa maji, nao ulikuwa unasogea, taratibu, kama ukoko wa uji unavyopanda ukingoni mwa sufuria. Nzi akatua. Ngozi ikatikisika.

"Hiyo siyo mimi niliyeitikisa," Evelina akanong'ona.

Mihayo akatoka nje akatapika, akatapika mpaka akatoa vitu alivyokula mwaka juzi. Hospitali walipewa dawa ya kupaka. Daktari alivaa glavu mbili mbili na hakuwatazama usoni.

Njiani kurudi, pale Mkuyuni, kuna bibi anauza kayabo, sangara wa chumvi, anaitwa Ng'washi. Mzee mwembamba, mdomo mchungu, mikono imepasukapasuka kwa chumvi mpaka inaonekana kama ramani. Evelina alikuwa mteja wake. Wakamwamkia shikamoo, na bibi badala ya kuitikia marahaba akaacha samaki, akasogeza pua kwenye shingo ya Evelina, akanusa.

"Nani ameosha kuta za godauni?" akauliza.

Mihayo akainua mkono kama mwanafunzi.

Ng'washi akawakalisha nyuma ya meza ya samaki akawaambia. Alifanya kazi pale akiwa msichana, ya kupaka ngozi chumvi. Mwaka mmoja ng'ombe walikufa kwa ugonjwa, watu wakachuna mizoga ili wasipate hasara yote, na kati ya ngozi hizo ikaja moja isiyo na mahali pa kichwa wala pa miguu. Duara tupu, lenye nywele. Waliipaka chumvi jioni, asubuhi wakaikuta mbichi, ina joto. Mwenye ngozi ile hakuwa ng'ombe. Alikuwa jini asiye na mwili, anayejivika, na alikuwa anatafuta kitu cha kuvaa na cha kuvalisha. Asubuhi ya tatu ngozi haikuwepo sakafuni. Ilikuwa imeingia ukutani. Ndiyo maana tangu siku hiyo kila Jumatatu, kabla hata ya kuamkiana, wasichana walirushia kuta chumvi kwa viganja, na ilikuwa hivyo mpaka godauni likafungwa.

"Chumvi haimuui," bibi akasema. "Inamlaza. Ubomoe plasta uliyobandika. Kila tonge linywe chumvi, lifukiwe. Kila tonge likilala, ngozi ya mkeo itarudi. Ila atazisikia nyundo zote, mwanangu. Zote."

Ijumaa asubuhi Mihayo alipanda na nyundo kwenda kubomoa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Kashaija alimfuata ngazini akimsihi kwa jina wanaloitwa Wasukuma, Ngosha, kesho wanunuzi, Ngosha, nitakushitaki, mpaka nyundo ya kwanza ilipopiga ukuta wa namba tatu, na kutoka chini, chumba cha nyuma, Evelina akalia mara moja halafu akauma kitambaa, na plasta badala ya kuvunjika ikachanika, ikachanika kwa mlio wa ngozi inayochunwa, ikaning'inia vipande vipande upande wa nje ni saruji nyeupe kama yai na upande wa ndani ni nyama yenye mafuta ya njano na mishipa inayopiga, na nyuma yake mawe yalikuwa yamelowa utando kama wa kondo la nyuma, na funza, bwana, funza wa kujaza mitumbwi, wakawa wanadondoka kwenye viatu vya ngozi vya Kashaija ambaye alikuwa ameacha kusihi na sasa alikuwa anatapikia tai yake mwenyewe, na kadiri Mihayo alivyopiga ndivyo kuta zote za godauni zilivyoanza kutoa sauti moja, nzito, ndefu, ya ng'ombe aliyekwama kwenye tope, na akaendelea kupiga, analia, analitaja jina la mke wake kila pigo, namba tatu, namba mbili, namba moja, mpaka chumba chao wenyewe.

Jioni kuta zilikuwa uchi. Ng'washi akazirushia chumvi magunia sita, na sauti ikakatika. Mgongoni kwa Evelina ngozi ilikuwa imelegea kila mahali, lakini bado ilikuwepo. Bibi akasema bado matonge.

Wakatoka kwenda kwenye lundo la plasta iliyobomolewa, lililomwagwa uani. Lundo halikuwepo.

Hapo ndipo Kashaija, amekaa kwenye ndoo, akasema kwa aibu kwamba hakutaka wanunuzi waone uchafu. Mchana, wao wakiwa juu wanabomoa, aliwaambia vijana wa toyo, zile pikipiki za mizigo za magurudumu matatu, kwamba kifusi ni bure, wabebe. Na Mwanza ukisema kifusi bure unapendwa kuliko mbunge. Watu wamejenga juu ya majabali, kila mwenye kiwanja anatafuta cha kusawazishia, vibao vimejaa kila kona, kifusi kinatakiwa. Lile lundo lilibebwa kadiri lilivyomwagwa, halikufika jioni.

Mihayo akalitafuta siku sita. Akatembea na gunia la chumvi mgongoni na jembe mkononi, nyumba hadi nyumba, anaomba kuchimbua watu uani, wanamwona kichaa. Alikuta kifusi kimejazwa kwenye banda la nguruwe, nguruwe wamekonda wamevaa ngozi mbili. Alikuta kingine kimeziba shimo barabarani, kinatoka jasho, kila gari likipita kinanung'unika. Kila alipomwaga chumvi na kufukia, jioni alikagua mgongo. Ngozi ikashuka kutoka mgongo mzima hadi ukubwa wa chapati, hadi kisosi, hadi kidole gumba kimoja. Evelina akaanza tena kumwambia nyamaza.

Kilichobaki kilikuwa Ilemela, kwa mama mmoja anaitwa Jovina, mjane, chumba kimoja juu ya jabali, watoto watatu. Alikuwa amemwaga kifusi kile chini, juu akapaka saruji nyembamba. Akamkaribisha vizuri. Akamwambia avue viatu aone.

"Sakafu yangu haina baridi kabisa, fundi," akasema. "Tangu niiweke watoto hawakohoi. Hata mikeka wamekataa."

Watoto walikuwa wamelala kifudifudi, mashati juu, mashavu yamegusa chini. Mihayo akamwita mdogo. Mtoto akainua uso, na shavu likabanduka sakafuni kwa mlio wa mdomo wa ndama ukiachia titi, likaacha uzi wa ute mrefu unaong'aa. Pembeni ya sikio palikuwa na nywele fupi za kahawia.

Mihayo akainua nyundo kidogo tu, akagonga pembeni, kama anayejaribu yai. Watoto wote watatu wakalia pamoja. Yule mdogo, miaka miwili, akapinda mgongo, na kwenye ngozi yake pakatokea alama nyekundu ya duara, saizi ya kichwa cha nyundo.

Evelina ni mtu mzima, na aliuma kitambaa mpaka meno mawili yakalegea.

Mihayo akaiweka nyundo chini. Akafungua gunia akamwaga chumvi yote sakafuni, akaisugua kwa viganja kwenye kila ufa, mpaka joto likaisha na watoto wakaanza kujikunyata kwa baridi na kuomba mikeka. Akamwambia Jovina atakuja kila Jumatatu kumwaga dawa, asiioshe sakafu ile kwa maji hata siku moja. Jovina akauliza kama ni dawa ya siafu. Akaitikia ndiyo, mama, ya siafu.

Aliporudi, Evelina alikuwa anachambua mchele. Mihayo akakaa kwenye kigoda akamweleza yote kwa maneno machache kuliko aliyowahi kutumia maishani. Kwamba anajua kilipo kipande cha mwisho. Kwamba akikibomoa, mgongo wake utapona wote. Halafu akamweleza ile alama nyekundu.

Evelina akaendelea kuchambua. Akatoa jiwe dogo, akalitupa nje.

"Watoto wangapi?"

"Watatu."

Akaweka ungo chini, akamgeuzia mgongo, akashusha kitenge. Katikati ya uti, kidole gumba kimoja cha nywele za kahawia, zimelowa, kinapanda na kushuka kwa pumzi isiyokuwa yake.

"Basi kibaki," akasema. "Nipake chumvi nikapike, watu wana njaa."