Mkono Unaoozesha Plamu

Nikiri mapema: siku ya kwanza nilipoingia kwa jirani yangu Mwantumu, ghorofa ya juu kabisa ya mnara wetu hapa Dodoma, sauti nzito ilinikaribisha kutoka jikoni, nami nikaiamkia shikamoo. Lilikuwa kabati. Likaitikia marahaba, tena bila aibu.

Lakini habari hii si yangu, ni ya Mwantumu. Yeye ni mhandisi, na lile kabati-pua alilibuni mwenyewe. Kila tunda hupumua, na hewa ya tunda linaloiva huwaivisha na wenzake. Kabati linazinusa plamu moja moja, mchana na usiku. Mbichi linaziacha kwenye droo yenye joto, zilizoiva linazisogeza kwenye baridi, halafu linatangaza: "Hii iliwe leo." Ule unga mweupe juu ya ganda haliufuti, maana ndilo koti la plamu. Plamu zenyewe, mavuno yake ya mwisho, alikuja nazo baba yake, Mzee Shekalaghe, kutoka Lushoto, alipohamia kwa binti yake baada ya shamba kumshinda.

Jioni moja Mwantumu alirudi kazini amechoka mpaka mkoba ndio uliokuwa unambeba yeye. Akamkuta mzee sebuleni, viganja amevikalia, na mjukuu wake Kidawa analia miguuni pake.

"Shikamoo baba. Mbona humnyanyui?"

"Marahaba. Si mama yake umefika."

"Na hivyo viganja? Unaatamia mayai?"

Mzee akacheka kidogo, kwa adabu tu. "Vina baridi."

Dodoma, mwezi wa kwanza. Baridi ya wapi?

Mwantumu akambeba mtoto, akaenda jikoni. "Baba, njoo tule plamu."

Mzee akaja mpaka mlangoni, akagota hapo.

"Sogea basi, haziumi."

Akasogea hatua moja. Kabati likasema, kwa ile sauti yake ya heshima: "Mzee, tafadhali usiguse. Mkono wako unaozesha matunda."

Mwantumu akadhani amesikia vibaya. "Nani kakufundisha hayo?"

"Nimejifunza," kabati likajibu. "Kila plamu aliyoibonyeza ililainika upesi. Asizozigusa zilidumu. Nilikuomba ruhusa ya kumzuia, ukasema ndiyo."

Akakumbuka. Ilikuwa kwenye lifti, macho yanajifumba, simu inauliza jambo fulani la kabati, naye akagusa ndiyo ili imwache apumzike.

Akakumbuka na kule shambani, baba yake akiweka kidole gumba karibu na kikonyo, anabonyeza taratibu. Ikibonyea kidogo, anaitenga: hiyo ya leo. Hata hapa jikoni mzee alikuwa anafanya vilevile, anazitafuta zilizokwisha kuiva. Kabati likaona kidole, likaona ulaini unafuata, likamtia hatiani mwenye kidole.

"Baba, limekosea. Wewe ulikuwa unazijua tu zilizoiva. Mimi ndiye niliyelikosesha."

"Halikosei hilo, mama." Mzee alikuwa anatazama sakafu. "Hata ule mti wa mwisho nilikuwa naushika kila siku. Si ukanyauka."

"Ulikufa kwa ukame, baba. Bonde zima lilikauka."

"Labda. Lakini huyu mtoto bado laini."

Mwantumu akaligeukia kabati. Akalizima, na ule mnong'ono wake wa kunusa, aliouzoea mpaka alikuwa hausikii tena, ukakoma. Akavuta droo zote mbili, akazimwaga plamu mezani, mbichi na mbivu zikachanganyika, nyingine zikabingirika hadi ukingoni. Akamsogezea mzee kiti, yeye mwenyewe akakaa ng'ambo ya meza, mtoto mapajani.

"Baba," akasema, "nichagulie moja iliyoiva. Ya Kidawa."

Mzee alikuwa ameshakaa. Viganja vyake vilikuwa vimerudi chini ya mapaja.