Kondoo wa Shimo la Mzinga

Haya yalimpata rafiki yangu Beryl. Baba yake alikuwa mpiga mizinga ya kutungulia ndege za Wajerumani, akafia kazini kabla Beryl hajazaliwa. Uzeeni Beryl akalitafuta shimo la mzinga wa baba yake, akalikuta shambani kwa mzee Stathers, karibu na mji wa Hull, kondoo wamejazana humo.

"Mzinga ukikaribia kulia, wapigaji wote waliachama," mzee alimweleza. "Ukifumba kinywa, masikio kwaheri. Hata baba yako, mama."

Beryl akabaki peke yake, akaweka maua. Ukungu ulitanda, giza likaingia.

"Baba, nimekuja," akanong'ona.

Kondoo wakanyamaza. Alipogeuka, wote walikuwa wameelekeza vichwa juu, vinywa wazi, bila sauti.

Akajishika usoni. Kinywa chake pia kilikuwa wazi.