Salamu Ambazo Mama Hakuzituma

Mama alikuwa mshonaji. Jioni hiyo mgongo ulimuuma kana kwamba umetwangwa kwa mchi. Binti yake aliingia, akabwaga mkoba, akavua raba zilizotoboka vidoleni.

"Sekondari umeanza majuzi, bado unavaa hizo? Si nilimwagiza baba yako viatu?"

Binti akazisukuma raba chini ya kiti kwa mguu.

"Ulimwambiaje?"

Machozi yakamlengalenga. "Nilimwambia unamsalimu."

Cherehani ikasimama. Mama na baba walikuwa wameachana mwaka uliopita. Tangu hapo hawakusemezana. Kila neno lilipitia kwa mtoto. Naye mama alikuwa amesema, "Mwambie kama ana haya, anunue viatu."

"Na zile salamu zake unazoniletea?"

"Alisema huna shukrani. Nikaona heri nikuletee salamu."

Jirani yao, mwalimu wa malezi, alikuwa ameketi akisubiri gauni lake.

"Shoga," alisema taratibu, "mtoto ana shule mpya, walimu wapya, wenzake hawajamzoea. Huo ni mzigo tosha. Ninyi mmemtwika na ugomvi wenu."

"Mwenzangu, nikisikia sauti ya yule bwana tu, nachoka."

"Choka, lakini piga simu. Hamlazimiki kurudiana. Zungumzeni habari za mtoto tu. Mengine yafungieni kabatini. Na yeye mwambieni kuachana kwenu si kosa lake."

Mama alishusha pumzi, akapiga.

"Ni mimi. Mtoto hana viatu vya shule."

"Hana? Mbona hukusema?"

Jibu kali lilikwisha kufika ncha ya ulimi. Mama akalimeza.

"Nilipaswa kukwambia mwenyewe."

"Basi kesho nitampeleka dukani." Baba akakohoa. "Salamu zako huwa nazipata."

Mama akamtazama binti yake.

"Na zako zinafika," akajibu.

Alipokata simu, alimvuta mtoto karibu. "Sisi ndio tulioshindwana, mwanangu. Wewe hukukosa lolote."

Tangu siku hiyo wazazi walizungumza kila Jumapili. Maneno yao yalikuwa machache, makavu kama makapi, lakini yalifika yalivyotumwa.

Mwezi ulipokwisha, binti alirudi kutoka kwa baba yake. Viatu vipya vilikwisha kuchafuka kwa michezo.

"Baba yako kasemaje?" mama aliuliza kwa mazoea.

"Muulize mwenyewe, mama. Mimi nina yangu."

Akaanza kusimulia: rafiki aliyempata, somo la sayansi, mwalimu anayepiga chafya akitaja chaki. Alisimulia mpaka mama akasinzia, shavu juu ya cherehani, tabasamu likiwa bado mdomoni.