Nywele Zilizokataa Mkasi

Kitana kilitoka kichwani mwa msusi kikiwa kitupu. Alikigeuza, akakisogeza dirishani, akapuliza katikati ya meno ya kitana. Hakuna unywele hata mmoja. Kwa miezi mingi kilikuwa kikitoka na kifundo cha nywele kila asubuhi, na mbele ya kichwa chake ilikuwa imebaki ngozi. Alipaswa kufurahi. Lakini kitana kilikuwa na unyevu, na kilinuka udongo uliotoka kuchimbwa.

Dawa alikuwa ameianza siku chache nyuma, baada ya mteja kuinuka kitini kabla ya kusukwa. "Mganga hajigangi, najua," mteja alisema akichukua mkoba wake. "Ila mimi kusukwa na mwenye kipara, hapana." Saluni nzima ilisikia. Wifi yake, aliyekuwa akimwosha mtu nywele kwenye beseni, alingoja mlango ufungwe.

"Wifi, usilie. Kaka yangu alikuoa na komwe lako, na katulia tu."

"Komwe lilikuwa dogo."

"Basi limezaa."

Walicheka. Hata hivyo, jioni msusi alikwenda sokoni kwa mama muuza mitishamba, akapewa unga wa mizizi wa kukoroga kwenye maji ya moto na kunywa.

"Zitaota," mama yule alisema. "Zikizidi, zifunge. Mkasi usiguse."

"Mama, mimi kazi yangu ni mkasi."

"Ndiyo maana nakwambia wewe."

Ziliota. Kwanza vinyweleo vya mbele, kisha kichwa kizima, nyeusi, nene, hadi mabegani, hadi mgongoni. Wateja walirudi, hata yule aliyeinuka kitini. Msusi alianza kuumwa shingo. Akilala, aliamka mto umelowa. Akiinama juu ya mteja, nywele zake zilitangulia kumgusa yule mtu, na wateja wakasema ana mikono ya baridi.

Akazikata nusu.

Mkasi ulitoa sauti ya kukata kitu chenye nyama. Harufu ya udongo ikajaa saluni. Alipaswa kuzichoma, au angalau kwenda kumuuliza mama wa sokoni. Lakini msusi hatupi nywele nzuri. Alizifunga fungu kwa mpira, akazitundika ukutani pamoja na zile za kuuza.

Binti yake ndiye aliyeziona. Alikuwa amepata kazi ya mapokezi hotelini, ya kuanza Jumatatu, na alikuwa amerithi lile komwe.

"Mama, nisuke na hizi. Si zako? Bora kuliko za mtu nisiyemjua."

Jumapili mchana walifunga mlango wa saluni, wakabaki watatu: binti kitini, mama nyuma yake, wifi akikunja taulo. Umeme ulikatika. Feni ilipunguza mwendo, ikasimama, na katika ukimya huo ikasikika sauti ndogo ya nywele zikipishana, ikienda mbio.

"Wifi," alisema yule wa taulo, "mbona leo unasuka haraka hivyo?"

"Sisuki mimi."

Alikuwa ameinua mikono yote miwili. Chini yake nywele zilijigawa, zikapishana, zikajibana kwenye ngozi ya binti, zikashuka na kuanza mstari mwingine.

"Mama, unanivuta."

"Tulia, mwanangu. Usigeuke."

"Mama, inauma, punguza."

Msusi akashika msuko mmoja ili aufumue, na msuko ukamkaza kidole hadi kikawa cheusi, na binti akapiga kelele, na wifi akauona uso wa binti kwenye kioo ukinyanyuka nyusi kwa kuvutwa, macho yakishindwa kufumba, na mdomo, ambao ulikuwa bado ukilia, ukaanza kusema kwa sauti iliyokwaruza kama kitana kikipita kwenye nywele kavu.

"Ulininywa, nikaota kwako. Ukanikata. Huku nimepata nafasi."

Kwenye kona za macho ya binti palianza kutokea vinyweleo.

Wifi alitoka mbio bila viatu. Alirudi na mganga wa mtaa wa pili, mzee aliyekuwa bado na miwani ya kusomea. Mzee hakugusa kichwa cha binti. Alinusa fungu lililobaki ukutani, akamtazama msusi.

"Shina liko kwako," alinong'ona. "Kwake ni tawi. Nikilifukuza kwake tu, litaondoka na ngozi, na yeye pamoja."

"Sasa?"

"Wewe mwenyewe uliite lirudi kwako. Likirudi halitatoka tena."

"Mzee, hakuna njia nyingine?" wifi aliuliza.

"Ipo. Inachukua muda mrefu kuliko alionao huyu."

Msusi alitazama kitini. Binti alikuwa ameacha kulia kwa sababu nywele zilikuwa zimefika mdomoni, na kifua chake kilipanda kwa shida, kikashuka, kikachelewa kupanda tena. Mama akapiga magoti mbele ya kiti, akaegemeza kichwa chake kwenye kichwa cha mwanawe, paji kwa paji.

"Rudi," alisema. "Sitakukata tena. Rudi nyumbani."

Mzee alisoma dua kwa sauti ya chini. Misuko ikalegea mmoja mmoja, ikatambaa kutoka kichwa hadi kichwa, na shingo ya mama ikainama kwa uzito ulioongezeka. Binti alibaki na kichwa kitupu, chekundu, akivuta pumzi kwa sauti.

Umeme ulirudi. Mzee akavua miwani.

"Na mimi litaniacha lini?" msusi alimwuliza.

"Uliomba nywele, mama. Mtu akizikwa, nywele ndizo za mwisho kumwacha."

Wifi alimshika msusi mikono yote miwili, akaanza kulia kwa ajili yao wote. Binti alikuwa bado amefumba macho. Machozi yalimtoka, na kitu laini kikampapasa shavu polepole, kikayafuta.

"Asante, mama," alisema.

Wifi alitazama mikono aliyokuwa ameishikilia, kisha akatazama shavu la binti.